Mashua Kwenye Barabara ya Kasindi

Butembo hakuna ziwa, na bado Adèle aliishi kwa mashua. Baba yake, aliyeianza kazi hiyo, alichekwa mpaka akazeeka. Alipokufa, wale wale wakaanza kumcheka binti. Hakujali. Katika yadi yake ya Vutetse, nyuma ya mikaratusi, mashua ziliundwa kwa mbao, zikavishwa ngozi ya polyester isiyopitisha maji, kisha zikapandishwa kwenye remorki, trela ya magurudumu mawili, na kukokotwa na pick-up hadi ziwani. Nyingine zilirudi baada ya miaka, matumbo yamepasuka, zikashushwa pale pale kwenye udongo ili zitengenezwe.

Kushusha mashua kwenye nchi kavu ndiyo kazi iliyomtia hofu kuliko zote. Majini mashua haina uzito, maji yanaibeba. Kwenye udongo ni kilo elfu moja zinazotafuta mahali pa kuangukia. Baba yake alipoteza vidole vitatu kwa kazi hiyo. Adèle alikuwa na miaka hamsini na miwili na hajapoteza mtu wala ukucha, kwa sababu alikuwa mtu wa polepole, na kwa sababu katika yadi yake hakuna aliyegusa kamba kabla yeye hajasema.

Hakuwa mtu wa ugomvi. Kanisani aliimba sauti ya pili, ile isiyosikika peke yake. Watoto wake wanne walikua mpaka wakaoa na kuolewa bila kujua kofi la mama yao lina uzito gani.

Jumanne hiyo alikuwa anapeleka mashua mpya Kasindi-Port, kwa wavuvi walioiagiza. Stanislas ndiye aliyeendesha, dereva wake wa miaka kumi na miwili, mtu mwembamba mwenye kikohozi kisichoisha. Walilala Beni, asubuhi wakaingia kwenye msafara, maana, kwa ajili ya waasi, barabara ile hakuna aliyeipita peke yake tena. Askari walitangulia. Nyuma yao lilikwenda kamyo, lori lililojaa kakao, la mfanyabiashara mmoja wa Butembo aitwaye Phinées, yeye mwenyewe akiwa ndani pamoja na mkewe Ornella. Kisha minibus iliyojaa watu. Kisha pick-up ya Adèle na mashua yake nyuma. Kisha pikipiki na magari mengine ambayo Adèle hakuyaangalia.

Walivuka daraja la Semuliki saa tatu. Saa nne kasoro, kwenye mpando, mashamba ya kakao yakiwa yamefika hadi ukingoni mwa barabara, Adèle alisikia tairi linapasuka. Ndivyo alivyodhani. Kisha kamyo la mbele likaenda upande kama mlevi, likaingiza pua kwenye mtaro, na kioo cha pick-up kikageuka kuwa cheupe.

Stanislas alikata usukani. Gurudumu la remorki likapiga ukingo wa mtaro, chuma kikalia, gari likasimama. Risasi zilipita mlangoni moja baada ya nyingine, bila haraka, kama mtu anayegonga hodi. Stanislas akasema, "Mama, imenipata," kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, akashika tumbo lake.

Adèle alimvuta kwa upande wake, wakaanguka chini pamoja, akamburuta kwa kola ya shati hadi chini ya remorki. Wakalala pale, mashua juu yao, uso wake kwenye changarawe.

Kutoka pale aliona miguu tu. Miguu yenye buti za plastiki, yenye kandambili, mmoja hauna kiatu kabisa. Ilitoka kwenye kakao ikaenda kwenye minibus. Aliona watu wakishushwa. Mzee mmoja aliyevaa suruali ya kijivu alipiga magoti akaomba kwa Kinande, akilitaja jina la Nyamuhanga, Mungu wao, mara nyingi, na panga likashuka na kupanda, likashuka tena, na ile suruali ya kijivu ikalala. Mwanamke mmoja alikimbia. Hakufika mbali. Adèle aliweka kiganja juu ya mdomo wa Stanislas ili asikohoe, na kikohozi kikamtetemesha mwili mzima kisitoke, damu ya moto ikipita katikati ya vidole alivyoshikia tumbo lake hadi kwenye kiwiko cha Adèle.

Kisha silaha nzito zikaanza kulia upande wa mbele. Askari walikuwa wamerudi. Miguu ikakimbia, ikabeba magunia na redio na watu watatu waliofungwa mikono, ikaingia porini, na askari wakaifuata. Milio ikazidi kwenda mbali. Minibus ikabaki inaungua peke yake.

Waliobaki wazima walitoka mmoja mmoja. Magari ya nyuma yalikwisha kugeuza kurudi Beni tangu risasi ya kwanza. Dereva wa kamyo alikuwa amekufa juu ya usukani wake, injini imetobolewa. Barabarani na kwenye mtaro kulikuwa na maiti saba na majeruhi kumi. Msichana aitwaye Christa, muuguzi aliyekuwa anasafiri kwa pikipiki, alikwisha kuvua kitenge chake na kukirarua vipande. Alikimbia toka mtu hadi mtu, akarudi kwa Adèle.

"Mama, hii gari yako inatembea?"

Adèle alijaribu ufunguo. Injini ikawaka.

"Basi unasikia. Huyu wako wa tumbo, na ule mama wa kamyo, iko na risasi ya kifua. Kama hapana fika hospitali ya Mutwanga mbele ya saa sita, tutafikisha maiti. Na bengine banane, sita kati yabo habawezi kukaa, ni kulala tu."

Nyuma ya pick-up walienea wanne wakilala, wakibanana. Wengine wangelala wapi? Wote waliangalia remorki, ambayo chini ilikuwa na sakafu nzuri ya mbao, na juu ya sakafu hiyo, imekaa kwenye viti viwili vya mti, ilikuwapo mashua.

"Tubatie ndani ya boti yenyewe," alisema mwendesha pikipiki mmoja, kijana aitwaye Sikuli. Pikipiki yake ilikuwa imeungua. Alikuwa bado ameshika kofia yake ya chuma mkononi.

Adèle alikwisha kuona kwa nini haiwezekani. Akavuta gari hatua kumi ili nao waone. Springi ya kushoto ya remorki ilikuwa imekatika kwenye mtaro. Uzito wa mashua ulilalia gurudumu, gurudumu likasugua chuma, moshi ukatoka.

"Na boti juu yake haipandi huu mulima," Adèle alisema. "Bila boti itainuka, itaenda. Batu ni bepesi. Boti njo inatuua."

"Donc tuiangushe." Huyo alikuwa Phinées. Alikuwa mtu mkubwa, shingo nene, shati lake jeupe limekuwa jekundu kwa damu isiyo yake. Alikuwa amembeba mkewe mikononi kutoka kwenye kamyo na hakukubali mtu ampokee. "Tukate kamba, tusukume, ianguke. Dakika mbili."

"Papa, imeshainama kushoto. Ikianguka hapa kwenye mulima itateremuka na remorki na gari yote. Na batu benye kusukuma, itabapitia juu." Adèle alizungumza kama alivyozungumza yadini, bila kupandisha sauti. "Pale mbele ni sawa, pale kamyo zinasimamaka. Tunaivuta polepole mpaka pale. Mimi nashushaka boti tangu niko mutoto. Mukinisikiliza, ni dakika makumi mbili. Mukikosa kunisikiliza, hatutatoka hapa."

Phinées alimtazama mkewe. Midomo ya Ornella ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu.

"Fanya," alisema.

"Nitaomba magunia yako ya kakao."

"Kamata yote."

Waliivuta hatua arobaini, gurudumu likilia na kutoa moshi, mpaka mahali tambarare kando ya barabara. Watu kumi na wawili waliobaki na nguvu walipanga mstari na kupokezana magunia toka kwenye kamyo. Adèle aliweka mawe mbele na nyuma ya kila gurudumu, akayagonga kwa kisigino. Alizunguka mashua mara moja, nzima, akiigusa kwa kiganja. Mikanda miwili ya pembeni aliifungua mwenyewe. Ule wa mbele, unaofunga pua ya mashua kwenye shingo ya remorki, aliuacha.

"Huu," aliwaambia, akiushika ili wote wauone, "hapana mutu anaugusa. Huu njo unashika boti isirudi nyuma. Ni wa mwisho. Na hapana mutu anaweka mukono ao mguu chini ya boti, hata kidogo. Ukitaka kusogeza gunia, sogeza na muti."

Wakafungua remorki kwenye pick-up, wakateremsha shingo yake taratibu hadi ikagusa chini. Kwa hiyo nyuma ya mashua ikapanda juu hewani, na chini yake wakajenga ukuta wa magunia, mawili mawili, yakipishana kama matofali, na juu ya magunia wakalaza gogo la mkaratusi lililokuwa kwenye kamyo. Kisha Adèle akaweka kriki, jeki ya gari, chini ya shingo na kuanza kuipandisha. Shingo ilipopanda, nyuma ikashuka, mashua ikakalia gogo, na kati ya mkia wa mashua na remorki ukaonekana mwanga mwembamba. Mtu mmoja akacheka kwa pumzi moja, kama anayelia.

"Bado," Adèle alisema.

Wakafunga tena remorki kwenye pick-up. Kazi iliyobaki ilikuwa kuweka magunia kando zote mbili, hasa kushoto, kisha kulegeza mkanda wa mbele kidogo kidogo huku gari likisogea mbele kidogo kidogo, remorki ikitoka chini ya mashua kama mguu unaotolewa kwenye kiatu. Hapo ndipo risasi zilipoanza tena porini, na safari hii hazikuwa zinakwenda mbali.

Watu wakasimama na magunia mikononi.

"Endeleeni," Adèle alisema. "Iko mbali bado."

Haikuwa mbali. Yeye pia alijua. Sikuli alikuwa amepiga goti upande wa kushoto, akisukuma gunia la mwisho. Mti aliopewa ulikuwa mfupi, gunia halikwenda, akageuka, akalisukuma kwa mguu.

Chini ya kivuli cha kamyo, Ornella alitoa sauti, kama maji yanayochemka ndani ya sufuria iliyofunikwa. Phinées, aliyekuwa amekaa na kichwa chake mapajani, aliisikia. Alimlaza chini, akasimama. Kwenye kiti cha dereva aliyekufa palikuwa na panga la kukatia kuni. Alilichukua, akatembea moja kwa moja hadi mbele ya remorki, na kabla Adèle hajamaliza kuelewa alichokiona, panga likashuka juu ya mkanda wa mbele. Mara moja. Mara mbili. Mkanda ukaruka hewani kama nyoka.

Mashua ilirudi nyuma. Haikwenda haraka, ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kila mtu alikuwa na muda wa kuona. Iliteleza juu ya viti vyake, ikasukuma gogo, ukuta wa magunia ukabonyea na kupasuka, punje za kakao zikamwagika barabarani, na ubavu wa kushoto ukashuka hadi ukasimama. Uliposimama, Sikuli alikuwa amelala chali, mdomo wazi, bila sauti. Mguu wake ulikuwa chini ya mashua, toka gotini.

"Imeanza kwenda," Phinées alipaaza sauti. "Sukumeni. Sukumeni, imalizike."

Wanaume wanne walirukia mashua. Hofu ilikuwa imewafanya viziwi. Waliweka mabega, Phinées akatupa panga na kuweka lake, la tano, na mashua ikasogea upana wa kidole, na hapo Sikuli akapata sauti yake.

"Acheni," Adèle alisema. "Mutu iko chini. Acheni."

Hawakuacha. Alimvuta mmoja kwa shati, shati likachanika, yule akaendelea. Risasi ilipiga bati la kamyo. Adèle akainama, akachomoa chuma cha kriki, kirefu kama mkono wake, akakizungusha.

Pigo la kwanza alimpiga Phinées juu ya vidole vilivyoshika ukingo wa mashua. Aliona kucha zikigeuka. Phinées hakuachia, pengine hakusikia hata. Pigo la pili lilitua kati ya kiwiko na kifundo cha mkono, na mfupa ukatoa mlio ambao Adèle aliusikia mikononi kabla ya masikioni, kama kuni mbichi inayovunjwa gotini. Phinées akageuka na kumtazama. Akaanguka akiegemea mashua, lakini bega lake bado lilikuwa pale, bado linasukuma, na Adèle akainua chuma mara ya tatu. Alijua anakipeleka wapi. Alikuwa amekwisha kupachagua, pale juu ya sikio, nywele zilipoanza kuwa nyeupe, na ndani yake hapakuwa na huruma wala hasira, palikuwa na usahihi tu, kama anapopima mbao.

Christa alimkumbatia kutoka nyuma, mikono yote miwili, akaning'inia.

"Mama. Inatosha. Baliacha. Angalia, baliacha."

Ni kweli, walikuwa wameacha. Wale wanne walisimama mikono hewani, wakimtazama mwanamke wa makamo mwenye kitenge cha kanisa na chuma cha damu, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi waliogopa kitu kilicho karibu kuliko pori.

"Kriki," Adèle alisema. Sauti yake ilitoka ya kawaida, nayo ilimtisha. "Leteni ubao. Wewe na wewe, magunia. Nikipandisha, munaweka. Hamuweki mikono."

Aliweka kriki juu ya ubao, chini ya ubavu wa mashua, karibu na Sikuli kiasi kwamba goti lake liligusa bega la kijana. Akapandisha. Gunia. Akapandisha. Gunia. Milio ya porini ilikuwa inakuja na kusimama, inakuja na kusimama. Alihesabu mizunguko ya mkono, asizihesabu risasi. Kwenye mzunguko wa kumi na nne Christa alimvuta Sikuli kwa makwapa na mguu ukatoka, umepinda mahali ambapo mguu haupindi, lakini mzima, kiatu bado kimefungwa kamba.

Kisha akamalizia kazi, maana ilikuwa bado haijaisha. Magunia kushoto, magunia kulia. Wanaume watatu waliinua pua ya mashua kwa gogo walilolipitisha chini yake, wakasimama nje, kila mmoja mahali alipomwonyesha. Akaingia kwenye pick-up, akaisogeza mbele kwa gia ya kwanza, nusu hatua, akasimama, akashuka kuangalia, akapanda tena, nusu hatua. Mtu mmoja alikuwa anasali kwa sauti, mwingine anahimiza kwa Lingala, "noki, noki," haraka, haraka. Hakuharakisha. Remorki ilipotoka yote, mashua ikabaki imekaa juu ya kakao, imenyooka, haitikisiki.

Walipakia majeruhi. Stanislas, Ornella, Sikuli na wengine wawili walilazwa kwenye remorki, ambayo ilikuwa imeinuka, gurudumu linazunguka huru. Wanne nyuma ya pick-up, na wale wawili walioweza kukaa wakaingia mbele. Wazima walining'inia walipoweza. Phinées alipanda remorki bila kusaidiwa, mkono wake wa kuume ukiwa umelegea kama kamba, akakaa, akaweka tena kichwa cha mkewe mapajani. Adèle alimwona kwenye kioo cha pembeni na kioo hicho hakukiangalia tena.

Walikuwa hawajafika kona ya pili wakati mtu alipotoka kwenye kakao, akasimama katikati ya barabara na kuelekeza bunduki. Alikuwa na koti la mvua la kijani. Adèle alimwona vizuri. Angeweza kukanyaga breki. Alikanyaga mafuta. Bunduki ililia mara moja, kioo kilichokwisha kuwa cheupe kikamwagikia mapajani, na gari likapanda kitu na kukishuka, na magurudumu ya remorki nayo yakapanda na kushuka, na majeruhi wakapiga kelele wote kwa pamoja. Hakusimama mpaka Mutwanga.

Ornella alikuwa amekufa njiani. Hakuna aliyejua ni mahali gani hasa, isipokuwa labda Phinées.

Stanislas alipasuliwa mara mbili akapona, amebaki na utumbo mfupi na kikohozi kile kile. Mguu wa Sikuli ulikuwa umevunjika mahali pawili. Ulifungwa plasta, haukukatwa. Mashua ilichomwa moto siku hiyo hiyo. Baada ya wiki, mtu aliyepita kule alimwambia Adèle kwamba pamebaki alama nyeusi yenye umbo la samaki, na harufu ya kakao iliyokaangwa.

Yeye alirudi Butembo. Mtu wa koti la kijani hakumwota hata mara moja, na alishangaa kwamba hakumwota. Aliyemwota ni Phinées. Katika ndoto hapakuwa na Christa wa kumkumbatia, chuma kilimaliza safari yake, na kila mara aliamka akiwa bado na ule usahihi mikononi. Jumapili hakwenda kuimba. Alimweleza pasta wake kwamba koo linamuuma.

Siku ya tano ya matanga alivaa nguo nyeusi akaenda nyumbani kwa Phinées, huko Mutiri. Stanislas, kutoka hospitalini, alimwambia kwa simu asiende. Watoto wake walimwambia asiende. Inasemekana mjini, walisema, kwamba wewe ndiye uliyemchelewesha yule mama na magunia yako. Alikwenda kwa miguu.

Ua ulijaa watu. Wanawake wa upande wa marehemu walipomtambua walinyamaza, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukimya ukafika kwenye turubai walipokaa wanaume. Mama yake Ornella, bibi mfupi aliyetoka Kipese na bado ana vumbi la safari kwenye viatu, aliuliza huyu ni nani. Wakamnong'oneza. Bibi akamtazama sana, kisha akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja. Hakumwambia karibu. Adèle akakaa.

Walikaa hivyo mpaka jua lilipopita katikati. Kisha Phinées mwenyewe akatoka chini ya turubai. Alikuwa amekonda kwa siku chache hizo. Mkono wake ulikuwa kwenye plasta hadi kwenye kiwiko, vidole vimevimba na kuwa vyeusi. Alivuta kiti kwa mkono wa kushoto, akakaa mbele yake, karibu.

"Mama Adèle."

"Papa Phinées. Pole. Pole sana juu ya mama."

Phinées aliangalia vidole vyake.

"Mara ya tatu," alisema, "ulitaka kunipiga wapi?"

Bibi wa Kipese aligeuza kichwa. Adèle alihisi watu wote wakisikiliza. Alikuwa na jibu jingine, la heshima, alilolitengeneza njia nzima toka Vutetse, na likamwacha.

"Kichwa," alisema.

"Njo niliona." Alitikisa kichwa polepole. "Niliona macho yako. Nilisema, huyu mama ataniua, na mi hapana acha kusukuma." Akavuta pumzi, ikakatika katikati, akaivuta upya. "Batu banasema sikusikia, eti nilikuwa sisikii juu ya hofu. Nilisikia. Niliona mguu ya ule kijana mbele hata wewe uione. Nilijua iko pale. Nilisema moyoni, mguu ni mguu, Ornella iko napumua bado."

Mahali fulani nyuma ya nyumba mtu alikuwa anapasua kuni, na kila pigo liliwafikia.

"Niliambia daktari nilianguka," Phinées alisema. "Juu ya mkono. Wewe usiambie mutu mambo ya mguu."

"Bamesikia bote, papa. Tuko mbele ya batu."

Aliinua macho akatazama ua mzima, kama mtu aliyesahau alipo. Watu walitazama chini. Hakuonekana kuona haya, alionekana kuchoka tu.

"Sawa," alisema. "Bajue."

Hakumwomba msamaha, naye Adèle hakumwomba. Phinées alijaribu kuinuka, na mkono mmoja haukutosha, kiti kikateleza kwenye udongo. Adèle alisimama, akamshika chini ya kwapa, upande ule usiovunjika, akamwinua. Alikuwa mzito. Walisimama hivyo kidogo hadi alipopata miguu yake, kisha akarudi chini ya turubai.

Sahani za fufu na maharage zilipoletwa, bibi wa Kipese alimega tonge, akalitia kwenye mchuzi, akala. Kisha akaisukuma sahani mpaka katikati yake na Adèle.